Mwalimu Aliyefundisha Watu Kusubiri

Siku ya kwanza kumwona, alikuwa amepiga magoti mbele ya kioo, ametoa ulimi wote nje. Nilikuwa nimebeba ngazi begani, nimetumwa na mwenye jengo nikabadilishe taa katika chumba ambacho zamani kilikuwa cha fundi cherehani. Sikujua kwamba kimepata mpangaji. Nikasimama mlangoni nikiwaza kurudi nyuma polepole kabla hajanigundua, maana kwangu kuongea na mtu nisiyemjua ni kazi, sembuse mwanamke mtu mzima anayekitolea kioo ulimi.

Aliniona humo humo kiooni. Hakuona haya hata kidogo. Akaurudisha ulimi mahali pake, akasema, "Kaka, umekuja wakati mzuri. Hiki kioo kishushe kidogo. Watoto wangu hawataona meno yao."

"Una watoto wangapi, dada?" nikauliza, kwa adabu tu.

"Bado hata mmoja. Wataanza kuja Jumatatu."

Nilibadilisha taa, nikakishusha kioo, nikaondoka bila kuuliza lingine.

Jumatatu wakaja kweli. Mtoto aliyechelewa kusema, kijana wa kigugumizi, binti aliyezaliwa na mdomo uliopasuka akashonwa. Pamoja nao watu wazima waliopigwa na kiharusi, wanajua wanachotaka kusema lakini neno halitoki. Kibao cha mlangoni kiliandikwa Kliniki ya Usemi, ila hakuna aliyekiita hivyo. Mama yule tulimwita Mwalimu. Kinyozi wa chumba cha pili, ambaye mdomo wake haukuhitaji tiba, alisimama barazani siku hiyo hiyo na mkasi mkononi.

"Mwalimu, nasikia unafundisha watu kusema!"

"Ndiyo, jirani."

"Basi nikuletee mke wangu umfundishe kunyamaza."

"Mlete," akasema Mwalimu. "Lakini wewe ndiye utakayekaa kwenye kiti."

Wateja wa kinyozi walicheka mpaka mmoja akakatwa sikio kidogo.

Tangu aondoke mtaani, watu wanasema mengi. Wengine wanadai alifukuzwa, wengine eti hakuwa na cheti. Mimi ndiye niliyekuwa nafagia chumba chake na kufungua mlango asubuhi, kwa hiyo naona bora niandike nilichokiona. Shule yangu iliishia ya msingi, lakini hili halihitaji shule kubwa.

Mwalimu alikuwa ameacha kazi hospitali. Aliniambia sababu siku moja tukinywa chai. "Kule wagonjwa wanasubiri tangu alfajiri, kaka. Wakifika mbele yangu, hakuna anayewasubiri wao. Unamuuliza mtu jina, kabla hajafungua mdomo nesi ameshaita mwingine." Ndiyo maana alikodi chumba chake mwenyewe. Alitaka pawepo mahali pamoja ambapo mtu anasubiriwa.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, kuliko vioo na mirija na mapovu ya sabuni na vipande vya pamba ambavyo watoto walipuliza juu ya meza. Akimuuliza mgonjwa kitu, alikalia mikono yake miwili, viganja chini ya mapaja, ili isije ikamsaidia mtu kwa kuashiria. Kisha alimtazama kwa uso mkunjufu, akangoja. Nimewahi kufagia ukumbi mzima, nikachota maji, nikarudi, nikamkuta bado anamngoja mtu yule yule na swali lile lile. Neno likija, hata likiwa limepinda, alilipokea kama mgeni aliyetoka safari.

"Usimjazie," alikuwa anawaambia wazazi. "Neno ukimpa wewe ni lako. Akilitafuta mwenyewe ni lake."

Hata mimi alinisubiri. Nikiwa na jambo la kumwambia, labda bomba linavuja, hakunikimbiza. Kwa mtu kama mimi hilo si dogo.

Kila msimu alitoa karatasi kwa familia. Shule zikikaribia kufungwa, au mvua zikianza na watoto kukaa ndani, aliiandika, akaichapisha dukani kwa mpiga chapa, nami nikaikunja na kuigawa mlangoni. Upande wa mbele zilikuwa habari: siku ambazo tutafunga, kifaa kipya kilichofika, nani amepiga hatua, bila kumtaja jina. "Rafiki yetu mmoja wa miaka mitano amesema 'sitaki' kwa mara ya kwanza, na tangu hapo hajaacha." Upande wa nyuma yalikuwa mambo ya kufanya nyumbani. Mwambie mtoto akutajie kila chombo unachoosha. Imbeni mkianika nguo, maana anayekwama kwenye kusema mara nyingi hakwami kwenye kuimba. Na chini kabisa, ndani ya kisanduku chenye mistari mizito, yalikuwa maneno yale yale kila msimu: mdomo ukivutwa upande mmoja ghafla, mkono ukilegea, macho yakipotea, msingoje, kimbieni hospitali.

Watu waliipenda karatasi ile. Kinyozi aliibandika kwenye kioo chake, akawasomea wateja habari kama mtangazaji.

Ndipo akaja Mnadi.

Mji mzima ulimjua kwa sauti. Alikuwa akinadi vitu vilivyotumika sokoni, makabati, vitanda, majiko, baiskeli, na inasemekana aliwahi kumuuzia mtu kabati lake mwenyewe mtu huyo asijue. Kiharusi kilimkuta akiwa kazini. Alipoletwa kwetu mkono wa kulia ulikuwa unaning'inia, na kutoka kwenye kinywa kile hakikutoka kitu ila "te, te, te."

Mkewe ndiye aliyemshika mkono. Mama mnene, mchangamfu, mwenye upendo wa kelele.

"Jina lako nani, baba?" Mwalimu akamuuliza Mnadi, akakalia mikono.

Mke akajibu jina. Akajibu umri, mtaa, tarehe ya kuugua, na alichokula asubuhi.

"Asante, mama. Nilikuwa namuuliza baba."

"Hawezi, mwanangu. Mimi namsemea. Saa hizi anataka maji."

Mnadi akatikisa kichwa kwamba hataki maji.

"Anaona haya tu. Anataka."

Mwalimu akafungua droo, akatoa peremende kubwa. "Mama, chukua. Weka mdomoni. Usitafune mpaka iyeyuke yenyewe."

Mama akaipokea, akaielewa, akacheka hadi kifua kikatikisika. "Makubwa haya! Nimeleta mume atibiwe, nafungwa mdomo mimi!" Lakini akaiweka mdomoni.

Walikuja kila Alhamisi. Mama alimaliza peremende nyingi katika chumba kile, na polepole akajifunza. Nilimwona siku moja kwenye benchi, mumewe anahangaika na neno, naye ameingiza viganja chini ya mapaja, anatetemeka kama mtu aliyezuiwa kupiga chafya. Nyumbani, alituambia, alikuwa anakwenda kusimama uani ili asimjazie.

Lakini neno halikuja. Msimu ukapita. Mnadi alianza kukata tamaa; alikuwa anakaa ameinamisha kichwa, machozi yakidondokea shati. Mwalimu hakumwambia kwamba atapona. Alimngoja tu.

Siku ile nilikuwa natoa nje kigoda cha watoto kilichovunjika mguu. Nilipita mbele ya Mnadi nimekishika juu. Akainua kichwa. Akakitazama kigoda kama mtu aliyemwona ndugu. Mkono wa kushoto, ule usioguswa na ugonjwa, ukanyanyuka.

"Mara ya kwanza," akasema.

Mimi nikaganda na kigoda changu.

"Mara ya pili." Ilikuwa sauti yake ile ile ya sokoni, haina doa. "Mara ya tatu! Ki-me-kwenda!" Akapiga goti lake kofi, akaninyooshea kidole. "Chako."

Mkewe aliangusha peremende chini. Mwalimu alicheka, akalia, akacheka tena, akanikumbatia mimi na kigoda. Kinyozi alikuja mbio na wembe, akidhani kuna ugomvi. Baadaye Mwalimu alitueleza kwamba maneno ambayo mtu ameyasema maisha yake yote hujificha mahali pengine kichwani, kiharusi kikayaruka. Kwamba huo ni mlango, na sasa tutapitia hapo. Wiki zilizofuata Mnadi alisema "chai," akasema "kesho," akamwita kinyozi "mwizi." Kulikuwa bado na kungoja kurefu kati ya neno na neno, lakini sasa kila mtu alijua kwamba ukingoja, linakuja.

Mvua zilikuwa zinakaribia na shule kufungwa. Mwalimu aliandika karatasi ya msimu akiwa na furaha ambayo sijaiona kwake kabla wala baadaye. Aliandika habari ya kigoda, ikawa ndefu, kila akiisoma anaongeza. Akaandika pia jambo la kufanya nyumbani, alilolipa jina Subira ya Mezani: likizo hii familia ikikusanyika kula, mwenye shida ya kusema akifungua mdomo, wote waweke vijiko chini. Asiwepo wa kumjazia. Asiwepo wa kuinuka. Mtabasamu, mngoje, hata chakula kipoe.

Mpiga chapa alimwambia maneno yamezidi ukurasa. Mwalimu alikuwa amesimama pale barazani na simu sikioni, nami nakata kamba za kufungia karatasi za zamani.

"Basi toa kile kisanduku cha chini," akamwambia. "Kimekuwepo kila msimu, watu wameshakikariri. Msimu ujao tutakirudisha."

Niligawa karatasi zile mlangoni. Mke wa Mnadi alichukua ya kwake, akaomba na nyingine ya kumpelekea mwanawe mkubwa.

Tulifunga wakati wa likizo kama tulivyotangaza. Tulipofungua, Alhamisi ya kwanza, mama alikuja peke yake, amevaa kilemba cheusi. Tulikuwa tumeshapata habari ya msiba kutoka kwa kinyozi, ila hatukujua ilikuwaje. Mwalimu alimpokea kwa mikono miwili, akampa pole, wakakaa. Mlango ulikuwa wazi, nami nilikuwa ukumbini na ufagio. Sikutaka kusikiliza. Lakini mama yule hakujua kusema chini.

"Nimekuja kukushukuru, mwanangu," akaanza. "Aliondoka na heshima yake. Tulikuwa mezani wote, wanangu, wakwe, wajukuu. Nyumba imejaa. Nikaona anafungua mdomo. Nikasema, haya, vijiko chini! Kila mtu akaweka. Hata mdogo kabisa. Tukatulia tuli."

"Ndiyo, mama," Mwalimu akasema.

"Tukamngoja. Mdomo unavuta hivi, hivi, upande." Sikumwona, lakini nilijua alikuwa anaonyesha, kwa sababu Mwalimu alivuta pumzi kwa kishindo. "Kijiko kikamponyoka. Mwanangu mkubwa akataka kuinuka, nikamwambia keti, baba yako anatafuta neno. Mjukuu akasema, bibi, babu analia. Nikamwambia ndivyo anavyolitafuta, mtabasamie. Tukamtabasamia wote. Tulikaa hivyo mpaka mchuzi ukaganda. Alipoinama juu ya meza ndipo tukajua amechoka, tukambeba. Hospitali hakukaa sana."

Nikauegemeza ufagio ukutani.

"Hakuna aliyemjazia, Mwalimu," mama akasema, na katika sauti yake mlikuwa na fahari. "Hata mmoja. Hata mimi na mdomo wangu huu. Sasa nina swali moja tu limenileta. Wewe ulikijua kinywa chake kuliko mtu yeyote. Lilikuwa neno gani? Lile alilokuwa analitafuta?"

Nilisogea, nikawaona. Mwalimu alikuwa amefungua mdomo, na hakuna kilichotoka. Na mama yule, mjane yule, alimtazama kwa upole, akainua mapaja yake moja baada ya jingine, akaingiza viganja chini yake, akavikalia.

"Usijali, mwanangu," akasema. "Sikujazii. Nakungoja."

Akangoja. Sijui ni muda gani. Kinyozi aliwasha mashine yake na kuizima. Mwishowe Mwalimu aliinuka, akaingia chumba cha ndani cha vifaa, akafunga mlango. Mama alikaa kidogo, kisha akaniambia, "Ameingia kulia, masikini. Alimpenda sana mzee wangu. Nitakuja Alhamisi ijayo." Akaenda zake.

Kesho yake Mwalimu alimpigia simu daktari aliyewahi kufanya naye kazi. Nilisikia upande wake tu. "Kama wangempeleka pale pale?" akauliza. Akasikiliza. "Labda? Labda ndiyo au labda hapana?" Akasikiliza tena. "Sawa. Labda." Akaiweka simu juu ya meza uso chini.

Nilidhani atalia, yaishe, maana kilio hushusha mzigo. Hakulia. Aliendelea kupokea wagonjwa kama kawaida, na hapo ndipo nilipoona ameharibika. Hakuweza kungoja tena. Mtoto akikwama kwenye neno, Mwalimu aliruka kitini, akamshika mashavu, akamgeuza uso kwenye mwanga, akamwambia, "Inua mikono! Inua yote miwili! Tabasamu nikuone!" Mtoto alilia kwa hofu. Akishaona ni kukwama tu, alimpa neno haraka haraka. "Ni mpira. Unataka kusema mpira. Sema mpira, tumalize." Mama mmoja alimuuliza, "Lakini Mwalimu, si ulisema tusiwajazie?" Akamtazama yule mama kama aliyetukanwa.

Yule kijana wa kigugumizi aliacha kuja. Binti wa mdomo ulioshonwa akaacha. Mlangoni nikabaki na benchi.

Wakati wa karatasi ya msimu ulipofika tena, familia zilizobaki ziliiulizia. Mwalimu akaniletea mzigo wa karatasi kutoka kwa mpiga chapa. Nilifungua kamba. Mbele hapakuwa na habari, nyuma hapakuwa na mchezo wala wimbo. Kile kisanduku peke yake kilikuwa kimejaza ukurasa mzima, herufi nene kama za tangazo la msiba: msingoje, msingoje. Nyuma, tena hivyo hivyo. Niligawa. Baba mmoja aliigeuzageuza, akanirudishia. "Kaka, hii si ile. Habari ziko wapi?" Kinyozi aliipokea, hakumsomea mtu. Aliibandika kimya, kesho yake akaibandua, wateja wanaogopa, alisema.

Na kila Alhamisi mke wa Mnadi alikuja. Alikaa kwenye benchi, saa ile ile aliyokuwa akimleta mumewe, viganja chini ya mapaja. Hakudai, hakulaumu. Mwanzoni Mwalimu alitoka, wakasalimiana, wakazungumza juu ya wajukuu, na kila mara mwishoni mama alinyamaza, akamtazama, akamngoja. Baadaye Mwalimu akawa anabaki ndani, taa imezimwa, nami namwambia mama kwamba ana mgonjwa. Mama alijua hakuna mgonjwa. "Mwache," alisema. "Litakuja tu. Si yeye mwenyewe aliyetufundisha?"

Nilijaribu mara moja. Ilinichukua asubuhi nzima kujipa moyo. Nilimkuta Mwalimu ameketi kwenye kiti cha mtoto, magoti yamefika kidevuni.

"Mwalimu," nikasema, "si ungemwambia tu ukweli?"

"Nimwambie nini, kaka? Kwamba mumewe alikuwa anakufa, na yeye anamtabasamia?" Hakupandisha sauti. "Sasa hivi ana meza iliyotulia, watu wote wameweka vijiko chini kwa heshima. Nikimwambia, nitakuwa nimemvunjia meza hiyo, na hana nyingine. Na nikimdanganya atajua. Nimemfundisha mimi kusoma kinywa cha mtu."

Nikachukua ufagio, nikatoka.

Aliondoka Jumatano. Hakumuaga kinyozi. Alikodi gari dogo la mizigo, tukapakia meza, kabati la picha, sanduku la mirija na sabuni ya mapovu. Kioo alikiacha ukutani. Kinyozi alisimama barazani mikono nyuma, akafungua mdomo wake ule usioshindwa, akaufunga. Dereva akawasha gari. Mwalimu alipanda mbele, nami nikamfungia mlango, maana ulikuwa mgumu.

"Mwalimu," nikasema kupitia dirishani, "kesho Alhamisi. Mama atakuja."

"Najua."

"Ataniuliza mimi."

Aliangalia mbele, barabarani, mikono yake miwili ikiwa juu ya dashibodi, wazi.

"Mwambie lilikuwa jina lake yeye mama," akasema. "Na useme upesi, kaka. Usimngojeshe."